Je, Ni Israfu Kununua Pikipiki ya Ujana?

Tumeletewa suala na msomaji wetu mmoja akaaye Kaloleni, mjini Nairobi, nasi twaona lafaa kujibiwa hapa, kwani lawahusu wengi, wa Pumwani na wa Mombasa pia. Mzee huyu, aliyepindukia miaka hamsini, amenunua pikipiki ya zamani aina ya Honda CG 125, sawa na ile aliyokuwa akiitamani katika ujana wake. Aliinunua kwa mjane wa mwalimu mmoja mstaafu. Marehemu aliitunza hata rangi ya tangi haikupauka wala kiti hakikuchanika. Bei yake ilikaribia bei ya pikipiki mpya ya bodaboda, na hapo ndipo palipoingia fitina. Mwanawe, kijana asiye na kazi, alikuwa akitafuta pikipiki ya kuchumia, na tangu siku hiyo amenuna. Majirani nao wamegawanyika: hawa wasema mzee ameingiwa na utoto, na wale wasema mali ni yake. Naye atuuliza: je, nimefanya israfu?

Kabla ya kuhukumu, yafaa tukijue kitu chenyewe. Pikipiki hii ilianza kuuzwa mwaka 1976. Waliyoiunda waliikusudia nchi kama zetu, ambako chombo hupakizwa kupita kiasi na kuonwa na fundi kwa nadra. Kwa hivyo hawakutia ndani ya injini mnyororo wa kuendesha valvu, unaodai uangalizi mwingi, bali walitia fito za chuma za kuzisukuma. Na cheni ya gurudumu waliifunika yote isiingiwe na mchanga. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, vyombo hivyo vilimiminika, na leo ni shida kupata kona ya Eastlands, tangu Shauri Moyo hata Umoja, isiyo na kituo cha bodaboda. Basi pikipiki ya mzee na ile aitakayo kijana ni kama babu na mjukuu. Mmoja aitaka kwa furaha, na wa pili aitaka kwa riziki.

Sasa tuwatazame wanaolaumu. Wao wasema kuwa furaha ya namna hii haimstahiki mtu mwenye mvi. Nasi twawauliza: imekatazwa wapi? Kanuni ya wanazuoni ni kuwa asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuvikataza. Tena twawaona watu hao hao hawamlaumu anayebadilisha simu kila mwaka, wala anayekopa ili harusi ya bintiye isemwe mtaa mzima, wala anayejaza sebule makochi yasiyokaliwa ila na wageni. Hayo wameyazoea, kwa hivyo hawayaoni. Pikipiki ya mzee yawashangaza kwa ugeni wake, nao wadhani kuwa mshangao wao ni hukumu. Israfu haijulikani kwa sura ya kitu kilichonunuliwa. Yajulikana kwa kutazama fedha zimetoka wapi, na haki ya nani imerukwa.

Basi kipimo cha kwanza ni haki za watu. Ikiwa kodi ya nyumba haijalipwa, au ada ya skuli ya watoto wadogo yadaiwa, au mtu ana deni ambalo muda wake umefika, basi pikipiki hiyo hata ingekuwa ya bei ya baiskeli ni israfu. Lakini huyu bwana atuarifu kuwa hana deni, na kwamba fedha alizikusanya kidogo kidogo kwa miaka. Je, mwanawe ana haki ndani yake? Kijana aliyebaleghe, mwenye nguvu na afya, hawezi kusema kuwa baba amelazimika kumnunulia chombo cha kazi. Angemnunulia ingekuwa hisani, na hisani haidaiwi. Walakini yako mambo mawili yasiyokuwa hisani. La kwanza ni ahadi: ikiwa baba aliwahi kumwambia mwanawe asubiri, atamsaidia, basi neno hilo ni deni, nalo hulipwa kabla ya furaha. La pili ni kumtaka shauri. Twadhani kilichomuuma kijana si pikipiki peke yake, bali kuiona ikiingia uani pasi na kuambiwa neno. Mwenye nyumba si lazima aombe ruhusa kwa wanawe, lakini mwenye busara huwaeleza.

Kipimo cha pili ni kujua mtu anunua nini. Wazee walisema: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wako watu wanaotoa fedha wakidhani wanurudisha moshi ule ndani ya chupa. Hupanda chombo, wakakuta magoti yauma, na Barabara ya Jogoo imejaa matatu wasiyoyajua, na wale rafiki waliokuwa wakipakiana nao wamehama au wamekufa. Ndipo huzuni huwazidi, wakaiona pikipiki kama jeraha lililofunuliwa. Mwingine hupanda chombo kile kile, akasikia ile sauti, akakumbuka kuwa alikuwa kijana, alikuwa na nguvu, alinusurika na mengi, na leo yuko hai. Huyu amepata shukrani, na yule amepata majuto, ingawa wote wawili wametoa fedha sawa. Dalili ya kuwatambua ni mazungumzo yao. Wa majuto hatakwambia ila ubaya wa zama hizi. Wa shukrani atakwambia habari za waliomfadhili.

Kipimo cha tatu ni kukiita kitu kwa jina lake. Wengi wakilaumiwa hujitetea kuwa hii ni akiba, vitu vya zamani hupanda bei, siku moja nitauza kwa faida. Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Lakini aliyenunua kwa furaha kisha akasema ni biashara, huyo amejidanganya mwenyewe kabla ya kuwadanganya wenziwe. Furaha ya halali haihitaji kuvikwa kanzu ya biashara. Na ubaya wa udanganyifu huu ni kuwa humfunga mwenyewe: kwa kuogopa kupoteza bei, haipandi tena pikipiki yake, bali huifunika turubai akawa mlinzi wake. Hatuwakusudii wenye kupenda uhifadhi kwa ajili ya uhifadhi. Hufanywa mjini Nairobi mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, nayo yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na watu hujifunza mengi pale. Twamkusudia mtu aliyenunua chombo cha kwendea, kisha akakiogopa.

Kutumia kitu humaanisha kukubali kuwa kitachakaa, kama tunavyochakaa sisi. Kutunza humaanisha kuwa hakitachakaa kwa uzembe wetu. Marehemu mwalimu aliyajua yote mawili: aliipanda, na akirudi aliifuta. Vituoni twaziona pikipiki mpya zilizogeuka vyuma chakavu katika muda mfupi, kwa kuwa mafuta ya injini hayakubadilishwa na cheni haikukazwa. Kijana aliyeinunua kwa mkopo hubaki na deni bila ya chombo. Huyo hakukosa pikipiki, alikosa mkono wa kutunza.

Kwa hivyo jibu letu kwa ndugu yetu ni hili. Hukufanya israfu, maadamu hakuna haki uliyoiruka. Ipande, na uvae helmeti, kwani mvi hazizuii kuanguka. Usiseme umenunua akiba. Keti na mwanao umweleze waziwazi kwa nini uliitaka, na ikiwa uliwahi kumpa ahadi, panga kuitimiza sasa. Tena mwite siku utakapozipima valvu na kusafisha kabureta, kwa kuwa injini za bodaboda nyingi ni za asili hiyo hiyo, na atakalolijua hapo litamfaa siku atakapopata yake.

Na kwa kijana twasema: hasira yako yafahamika, kwani riziki ni jambo zito kuliko furaha. Lakini usimwombee babako uzee usio na kitu cha kumchekesha. Leo wakiona ni chuma cha miaka mingi. Iko siku nawe utasikia mlio wa bodaboda ya zama hizi, moyo ukashituka, na utapenda wanao wakuelewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.