Imani Yetu Imesimama Juu ya Nini?

Nyabibuye ni jina la mahali katika vilima vya Buha, upande wa mpaka wa Burundi. Jirani zetu Warundi huliita jiwe "ibuye", na lugha ya Waha ni ndugu ya lugha yao. Hivyo mtu alisikiapo jina hilo hukumbuka mawe. Nasi kila tulisikiapo twakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya wajenzi wawili, mmoja aliyeweka nyumba yake juu ya mwamba, na mwenzake aliyeiweka juu ya mchanga. Wakati wa kiangazi nyumba zote mbili zilipendeza, wala hapana mpita njia ambaye angaliweza kusema ipi ni imara. Mvua ndiyo iliyokata shauri.

Twapenda leo kuwauliza wasomaji wetu, na kujiuliza wenyewe: imani yetu imesimama juu ya nini? Swali hili si la walimu wa teolojia peke yao. Lamhusu mkulima wa maharagwe wa Kibondo na karani wa Kasulu, mama mwenye mtoto mgonjwa na kijana aliye chuoni. Kwa maana kila mmoja wao ana mvua yake inayomngoja.

Twaona hatari mbili. Ya kwanza ni ya kijana aliyesoma. Alifundishwa sala na katekista wa kigango, mzee mwenye elimu ndogo na jembe begani. Kisha akaenda sekondari, akafika chuo kikuu, akasikia hoja ambazo mzee yule hakupata kuzisikia. Arudipo likizo aona haya. Ajiuliza moyoni: "Je, niliamini kwa sababu tu sikuwa na mtu wa kunibishia?" Na kwa kuwa mzee hana jibu la kitabuni, kijana adhani kwamba imani yenyewe haina jibu.

Hatari ya pili ni ya mama mwenye shida. Amesali miezi mingi, na mtoto hajapona. Asikia redioni, au katika simu ya jirani, habari za mhubiri mwenye mafuta na maji ya ajabu. Huko, aambiwa, ndiko kuliko na nguvu. Katika kigango chako kuna sala tu na nyimbo zile zile. Basi auza kuku, alipa nauli, aenda.

Watu hawa wawili waonekana kuwa mbali sana, kama mashariki na magharibi. Mmoja ataka hekima, mwingine ataka miujiza. Lakini sisi twaona kwamba wamejikwaa katika kisiki kimoja: wote wawili wamemwegemea mtu. Kijana aliegemea elimu ya katekista wake, na alipoona kikomo chake akaanguka. Mama aegemea sifa za mhubiri, na siku atakapoona kikomo chake ataanguka naye. Mtu ni mfereji, si chemchemi. Mfereji ukiziba, mwenye busara huufuata mpaka kilimani maji yanakotoka. Hasemi kwamba maji yamekwisha duniani.

Jambo hili si geni. Mtume Paulo alilikuta zamani katika miji ya Wayunani. Huko Athene alisimama mbele ya wenye elimu, akasema nao kwa ufundi, akawatajia hata maneno ya washairi wao. Walipomsikia akitaja ufufuko, wengine walicheka, wengine wakaahirisha mazungumzo. Walioamini walikuwa wachache. Kutoka hapo akaenda Korinto. Naye baadaye aliwakumbusha Wakorinto kwamba aliwafikia katika udhaifu na hofu, wala hakutegemea ufasaha, bali alimhubiri Kristu aliyesulibiwa, ili imani yao isijengwe juu ya hekima ya binadamu, bali juu ya nguvu ya Mungu. Tena aliwaambia kwamba Wayahudi wadai ishara na Wayunani watafuta hekima. Tazameni, ndio kijana wetu na mama yetu! Mtume hakumpa mmoja wao kile alichotaka. Wote wawili aliwaonyesha Msalaba.

Je, nguvu hiyo yaonekana wapi? Tuna ushuhuda wake karibu na nyumbani. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, uliotoka Bagamoyo mwaka 1878, uligawanyika Tabora. Kundi moja lilishika njia ya Ujiji, likafika huko Januari 1879, na kwa njia hiyo Injili ikaingia katika nchi yetu ya Kigoma. Kundi la pili lilikwenda Buganda, ambako Padre Simeon Lourdel alifika Februari mwaka huo huo. Lakini mapadre hao hawakukaa sana. Novemba 1882 waliondoka kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, upande wa Mwanza, wala hawakurudi ila Julai 1885.

Hebu tufikiri hali waliyoachwa nayo Wakristu wale. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa Aprili 1882, na Matia Kalemba Mulumba mwezi wa Mei. Walikuwa Wakristu wa miezi michache tu. Hawakuwa na padre, wala Misa Takatifu, wala chuo, wala vitabu vya kuwajibu wenye kubisha. Kwa akili ya kibinadamu mtu angalisema: moto huu mdogo, mwenye kuuchochea ameondoka, utazimika. Haukuzimika. Walisali, walifundishana, waliwavuta wenzao. Na mapadre waliporudi baada ya miaka karibu mitatu walikuta kundi limeongezeka.

Kisha mvua ikanyesha. Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 15, 1885, na usiku ule ule Karoli Lwanga akapokea ubatizo. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, Lwanga huyo huyo, Mkristu wa nusu mwaka, aliwabatiza kwa mkono wake vijana wa ikulu waliokuwa wakingojea hukumu, na mdogo wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Siku ya Juni 3, 1886, walichomwa moto Namugongo. Wenye nguvu wa siku zile walidhani wamelimaliza jambo. Oktoba 18, 1964, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu wa Kanisa zima.

Ni nani aliyewashawishi vijana wale kwa hoja? Kizito hakujua falsafa. Na ni muujiza gani ulioonekana Namugongo? Moto haukuzimika, mikono haikufunguka. Wala hekima wala ishara haikuwapo pale, na hata hivyo imani ilisimama. Hiyo ndiyo tunayoiita nguvu ya Mungu: si lazima iondoe mateso, ila humfanya mtu dhaifu asimame ndani yake bila kumkana Bwana na bila kumchukia adui.

Lakini msomaji mwenye fikira atatupinga, na ana haki. Atasema: "Mkisema imani haitegemei hekima, je, tufunge shule? Tutupe dawa?" Hasha! Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba akili ya binadamu yaweza kutambua kwa njia ya viumbe kwamba Mungu yupo. Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka mzima mwaka 1998 juu ya urafiki wa imani na akili. Aliyetupa Injili ndiye aliyetupa ubongo. Zawadi zake hazigombani.

Tena tunaye mfano katika Ziwa Tanganyika letu wenyewe. Adriano Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo yaitwa Mali, akaibwa utotoni, akauzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akakaa huko akitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka uzee wake, akafariki mwaka 1956. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja. Elimu yake ilikuwa ya kweli, wala hakuidharau. Lakini je, ni elimu iliyomfunga katika pwani ile karibu miaka 70, mtu ambaye angaliweza kutafuta mshahara na heshima mahali pengine? Elimu ilimfundisha namna ya kutibu kidonda. Kwa nini akae na wenye vidonda, hilo alilipata kwingine.

Hapo ndipo tunapoona mahali pa kila kimoja. Akili ni mlinzi wa mlangoni, naye ni wa lazima. Huuliza kila aingiaye ametoka wapi na ataka nini. Lakini mlinzi si msingi wa nyumba.

Nyumba isiyo na mlinzi nayo imo hatarini. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wengi miongoni mwao. Ni watu waliofundishwa kwamba kufunga chakula mpaka kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Hatuwacheki marehemu hao. Wengi wao walikuwa watu wenye shida na wenye kiu ya Mungu. Twawaombea raha ya milele. Lakini yatupasa kusema wazi kwamba walichoonyeshwa hakikuwa nguvu ya Mungu. Kilikuwa nguvu ya mtu, iliyovikwa jina la Mungu.

Tutatambuaje tofauti? Tazameni Msalaba, mtaona alama zake. Nguvu ya Mungu hujitoa kwa ajili ya wengine. Nguvu ya bandia huwatoa wengine kwa ajili yake. Lwanga alikufa akiwakinga vijana waliowekwa chini yake. Hakuwapeleka mautini ili yeye asifiwe. Shahidi hakitafuti kifo: hukipokea pale tu ambapo njia nyingine ni kumkana Bwana. Tena nguvu ya Mungu haiogopi swali, haina bei, wala haimkatazi mgonjwa kwenda hospitali. Na mtumishi wake hupenda kupungua. Yeye akiondoka, watu hubaki na Kristu. Mhubiri wa uongo akiondoka, watu hubaki mikono mitupu.

Kipimo hiki twapaswa kujipima nacho sisi wenyewe kwanza. Ziko parokia zilizojaa padre mmoja msemaji alipokuwapo, zikapungua alipohamishwa. Ziko kwaya ambazo waimbaji huja kwa ajili ya kwaya. Hata sisi tuandikao gazeti twaweza kupenda maneno yetu kuliko Neno. Kwa hiyo tusiwalaumu wengine mno kabla hatujatazama misingi yetu.

Vilima vya Buha vimeona mengi. Watu wa Burundi walikimbilia Kibondo na Kasulu mwaka 1972, tena 1993, tena 2015; na tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu imewapokea ndugu zetu wa Kongo. Watu hao hawakuweza kubeba kanisa la matofali, wala maktaba ya mapadre wao. Walibeba watoto na vyungu. Hata hivyo chini ya maturubai sala ilisikika, na watoto walibatizwa. Tukitaka kujua imani husimama juu ya nini, tuwaulize hao waliopoteza yote mengine.

Basi twamwambia kijana wetu: soma, mwanangu, soma kwa bidii, na usiogope swali lolote. Lakini mzee yule aliyekufundisha sala usimwonee haya. Hakukupa hoja zake. Alikupeleka kwa Mtu aliye hai, akakuacha naye. Likizoni mtembelee, usali naye, kisha umsaidie kufundisha wadogo zako yale uliyoyapata chuoni. Yeye anakuhitaji, nawe unamhitaji.

Na mama yetu twamwambia: mpeleke mtoto hospitali, dada, na usiache kusali. Hatuna ahadi kwamba atapona kesho. Mwenye kukuuzia ahadi hiyo akuuzia kitu asicho nacho. Lakini yule aliyesimama chini ya Msalaba wa Mwanawe ajua uchungu wako, na Mungu ambaye hakumwondolea Mwanawe Msalaba hakumwacha kaburini. Nasi jirani zako tuna deni kwako. Kama katika kigango chetu ulikuta sala bila mtu wa kukusindikiza hospitali, kosa ni letu. Kwani nguvu ya Mungu hutaka pia miguu ya kutembelea wagonjwa.

Mvua itanyesha, haikosi. Kwa mmoja itakuwa ugonjwa, kwa mwingine hoja ngumu, kwa mwingine kifo cha ampendaye. Siku hiyo hatutaulizwa mhubiri wetu alisema vizuri kiasi gani. Tuchimbe leo, kungali kiangazi, mpaka tulifikie jiwe.