Ardhi Yako, Mti wa Mwenyewe

Mjukuu wangu,

Juzi uliponijia ukaniambia umepata laptopu Chake Chake kwa laki tatu na nusu, na kwamba jamaa anayekuuzia atakupigia Windows na Word bure, nilisema mashallah nikanyamaza. Alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa, na wewe ulikuwa na haraka ya kwenda kupima ukubwa wa kile kibanda unachotaka kukifanya stationari. Jibu langu ni hili. Nimeliandika mwenyewe kwenye kompyuta yangu kuukuu, kwa vidole viwili, kwa hivyo usione ajabu likiwa refu.

Neno lililonishtua ni hilo la "bure". Unaijua ile minazi mitatu nyuma ya nyumba ya shangazi yako? Ardhi ni yetu tangu kwa babu yangu, lakini minazi ni ya watu wengine, na kila msimu wanakuja kuangua na hakuna anayewauliza. Hapa Unguja na Pemba hilo halimshangazi mtu. Ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na mti uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwingine. Basi kompyuta yako ichukulie hivyo hivyo. Hilo bati, kioo na vitufe ni mali yako, hata ukitaka kuitupa baharini itupe. Windows iliyo ndani yake ni mti wa mtu. Ulichopewa ni ruhusa ya kuchuma, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Masharti yake yako kwenye yale maandishi marefu ambayo sote tunayapita mbio tukabonyeza "Nakubali". Mimi mwenyewe nimekubali mengi ambayo sijui nimekubali nini.

Ruhusa hizo hazifanani. Ipo inayofuata mashine, iliyotiwa na kiwanda kilichoitengeneza kompyuta. Hiyo inaishi na kufa na mashine yake, huwezi kuihamisha. Ipo unayoinunua dukani kwa jina lako, na hiyo unaweza kuihamishia kompyuta nyingine, mradi ya kwanza uiondolee, kwa sababu ni ya kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ipo ya taasisi, kwa mfano wizara au chuo, yenye ufunguo mmoja wa mashine nyingi. Na ipo siku hizi ya kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, ambayo kwetu haina jina jingine ila kukodi mikarafuu. Umekodi msimu, chuma msimu. Msimu ukiisha unashuka mtini, hata kama vikonyo vya mwisho bado havijaiva.

Na kila ruhusa ina hesabu yake. Unakumbuka tulipokwenda kwenye magofu ya Mkama Ndume, mkakisogelea kile kisima huku mnasukumana? Wazee wanasimulia kuwa alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kisima kwa ukuta. Mmoja akishuka ngazi kuteka, mwingine akiteka kwa ndoo na kamba upande wa pili, na nyuso zao hazikutani. Kila nikisoma masharti ya kampuni ya Adobe huukumbuka ukuta ule. Leseni yao ya mtu mmoja inakubali kufunguliwa kwenye kompyuta mbili, na hizo mbili nazo hutakiwi kuzitumia kwa wakati mmoja. Microsoft 365 ya familia inaruhusu watu sita, na kila mmoja wao vifaa vitano kwa pamoja. Mke wa tatu kisimani hana mlango.

Zamani hesabu hiyo haikuwa na wa kuisimamia. Diski moja ilizunguka kutoka Wete mpaka Mkoani, na aliyekuwa nayo alikuwa mtu mkubwa. Mambo yalibadilika mwaka 2001 ilipotoka Windows XP. Tangu hapo programu inakusanya namba za viungo vya kompyuta yako, inazifanya kama alama ya kidole, kisha inaipeleka pamoja na ufunguo wako kwenye kompyuta za kampuni. Kule wanaangalia: ufunguo huu umeshatumika kwenye mashine ngapi? Hesabu ikitimia, programu inaamshwa. Hesabu ikizidi, inakataa. Mafundi wanaita "kuiaktiveti", vitabuni wanasema kuamilisha. Kitendo ni hicho hicho.

Sasa nikueleze lililonifika. Nilikuwa bado nafundisha, na fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, aliniwekea Windows na Word kwa shilingi 20,000. Ufunguo wa Windows aliniandikia nyuma ya kipande cha boksi la sabuni, herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano. Word aliifungua kwa akaunti ya mtu nisiyemjua. Nikampa na chai juu yake, maana mashine ilikuwa inaruka kama pweza mtungini.

Usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio niliifungua karatasi niliyoitunga ili niipitie mara ya mwisho. Swali la saba lilikuwa na kosa, nilikuwa nimeandika "mita" mahali pa "kilomita". Naliona kosa, naweka mshale juu yake, nabonyeza, na herufi haitoki. Juu ya karatasi kuna mstari unasema leseni imekwisha. Word ikifikia hapo inakuruhusu kusoma na kuchapisha, lakini kuandika imekukatalia. Nikapiga simu ya fundi, haipatikani. Nikachapisha kosa langu nakala 47, na asubuhi nikakaa kwenye benchi la skuli na kalamu nyekundu kurekebisha moja baada ya moja, wanafunzi wananichungulia dirishani.

Nilikuja kuelewa baadaye. Yule mwenye akaunti alikuwa amekodi msimu, akaugawa kwa watu wengi, na malipo yalipokatika sote tuliokuwa juu ya mti wake tukaambiwa tushuke. Ule ufunguo wa boksi la sabuni nao ulikuwa wa taasisi. Funguo za aina hiyo ziko za namna mbili. Moja imewekewa idadi ya mashine, na idadi ikimalizika imemalizika. Nyingine inataka kompyuta ijionyeshe kwa seva ya taasisi yake angalau mara moja ndani ya siku 180. Kompyuta yangu iko huku kwetu Pujini, seva hiyo sijui iko wapi. Miezi sita ilipopita, kwenye pembe ya kioo yakatokea maandishi ya kijivu ya kunitaka niiamilishe Windows, nayo hayafutiki, na picha ya ukutani haibadiliki. Mashine inafanya kazi, lakini kila mteja anayekaa mbele yake anayasoma.

Na kama hayo hayakutoshi, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ukaunguza ile bodi kuu wanayoiita mazabodi. Nikabadilisha bodi, na Windows ikaniona mgeni, kwa sababu alama ya kidole huchukuliwa zaidi kwenye bodi hiyo. Mwenye leseni halali ana njia. Tangu mwaka 2016 Windows 10 inakubali leseni ifungwe kwenye akaunti yako ya Microsoft, ukibadilisha kiungo unaingia kwenye akaunti na kueleza kuwa ni wewe. Mimi nilikuwa na kipande cha boksi.

Utaniambia, babu, pesa ziko wapi? Hapo sina ubishi na wewe. Windows 11 ya nyumbani huko Marekani inauzwa dola 139. Kwa ile bei ya shilingi 14,000 kwa kilo ambayo shirika la biashara la ZSTC lilitulipa karafuu daraja la kwanza kwa miaka mingi, hizo ni zaidi ya kilo 20 za karafuu kavu. Wewe umechuma, unajua kilo moja kavu inataka kama tatu mbichi, na unajua pishi moja inavyomchosha mtu aliye juu ya tawi. Bei ile ya Windows haikupangwa na mtu anayeijua Pujini. Na zaidi ya bei, udhia wote huu wa funguo unamwangukia mwaminifu. Aliyeiba hatafuti risiti. Aliyenunua ndiye anayeambiwa ajieleze kila anapobadilisha bodi.

Lakini ugumu wa bei haukuhalalishii. Nimekulia wakati wa magendo, nimeona ngalawa zikiondoka usiku na magunia, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wanazikimbiza. Kila aliyevusha alikuwa na sababu yake nzuri ya kusimulia. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA ndiyo ofisi yake. Hata ukisema sheria haitafika kibandani kwako, wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu walikaa Kuwait mwaka 1988 wakaamua kuwa haki za uandishi na ugunduzi ni mali, zina hishima yake kisheria, na haijuzu kuzidhulumu. Stationari utakayoifungua ni ya kumlisha mkeo na watoto Inshallah. Usiianze na jambo la kulitafutia fatwa.

Tena kuna hili la programu wanazotumia mafundi kuvunja kufuli la leseni. Umewahi kujiuliza kwa nini maelekezo yake huanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi? Mgeni anayekwambia mfukuze mlinzi kwanza ndipo aingie, mimi simfungulii. Kwenye kompyuta ya stationari zitapita vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za kazi, siri za watu wa kijiji kizima. Na kila flashi itakayochomekwa kwako itarudi nyumbani na ulichonacho. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi. Walioathirika ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa, na wengi wanaotumia Windows ya kuvunja huogopa kusasisha, wasije wakagundulika.

Kwa hivyo ukiniuliza nikuchagulie, nitakwambia teka kisima cha wakfu. Kipo. Linux, inayokaa mahali pa Windows, imekuwepo tangu 1991, na leseni yake imeandikwa kama mtu anavyoandika wakfu: kila mtu ateke, agawe, atengeneze, na anayeigawa asiwazuie wengine haki hiyo. Hakuna ufunguo, hakuna hesabu ya mashine. Ipo LibreOffice ya kuandikia barua, na inakaa hata juu ya Windows. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya namna hiyo hiyo kwa Kiswahili, na wengi wetu tuliisikia tukaendelea kuulizia diski za kunakili. Mimi sasa natumia LibreOffice. Barua, mialiko ya harusi, mitihani, hata mistari ya Kiarabu inayoanza kulia, vyote inafanya. Sikufichi, faili la Word lenye majedwali mengi likifunguliwa humo huweza kupinda hapa na pale, na mteja atanuna. Mwambie alete PDF.

Na ukiona lazima uwe na Windows, basi nunua laptopu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Mtumba wa Dubai unaweza kuwa nayo, lakini usiamini mdomo wa muuzaji. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /dli, kisha gonga enta. Kitatokea kidirisha kidogo. Kikiwa na neno OEM, leseni ni ya mashine ile. RETAIL ni ya dukani, basi muulize muuzaji risiti iko wapi na kama ameshaiondoa kwenye akaunti yake. Ukiona VOLUME, ni ya taasisi fulani, na huyo jamaa wa Chake Chake si taasisi. Angalia pia ni Windows ipi. Ile ya 10 iliachiwa mkono na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho laptopu nyingi za zamani hazina.

Mwambie huyo jamaa wako akuletee hiyo mashine Ijumaa baada ya sala, na chaja yake. Nitakuwepo barazani. Pesa usimpe mpaka tukione hicho kidirisha.