Umeona, Sasa Sema

Msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, pesa huzunguka na watoto hubaki wenyewe. Wazazi wako shambani toka alfajiri, wageni wanamiminika vijijini, na binti wa darasa la tano ndiye anayepika, anayelea wadogo zake na kutumwa dukani usiku. Jirani, uliye karibu naye ni wewe. Wewe ndiye unayemwona anachechemea, ana simu ambayo kwao hakuna aliyemnunulia, anajificha akisikia sauti ya mtu fulani. Umeona. Sasa sema!

Najua kinachokuzuia: "Sina ushahidi." Kuutafuta ni kazi ya polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa akatoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, bure.

Na anayekuambia mwali ametoka unyagoni, keshakua, mjibu bila kupepesa macho: ana miaka 12, ni mtoto, na kisheria atakuwa mtoto mpaka atimize 18.

Mtoto akikufungukia, msikilize. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele. Mwambie amefanya vizuri kusema, wala usimwahidi kwamba itabaki siri yenu.

Akiwa amebakwa au kulawitiwa, hapo ni mbio! Usimwogeshe. Nguo zake usizifue. Zifunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, umfikishe hospitali. Dawa ya kumkinga na VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Saa hizohizo ndizo zinazoliwa na kikao cha ukoo, wazee wakipatana mbuzi na magunia ya korosho ili "tuyamalize kifamilia", huku mtoto yuko chumbani na homa, hajatibiwa. Kikao hicho kikatae, hata kama mwenyekiti wake ni mjomba wako.

Ukiambiwa afisa hayupo, rudi kesho. Kijiji kikinyamaza, nenda wilayani. Mchukue jirani mwingine mwende wawili, na muandike jina la aliyewapokea na tarehe.