Malipo ya Dakika Kumi za Mwisho

Upo msemo unaopendwa msibani, sokoni na ndani ya daladala: malipo ni hapa hapa duniani, akhera ni kwenda kuhesabu. Kwenye filamu zetu msemo huo umegeuka kanuni ya kazi. Mama wa kambo aliyemnyima chakula mtoto wa mwenzake, ikifika sehemu ya pili ya filamu atakuwa anaokota makopo barabarani, nywele timutimu, kanga imemkaa upande, na kinanda kinalia ili mtazamaji asikose kuelewa. Baba mdogo aliyedhulumu mirathi atapooza. Binti aliyependa wanaume wenye magari ataugua. Mchawi atakufa vibaya, akitaja mmoja mmoja majina ya aliowaua. Siku za mwizi ni arobaini, na mwandishi wa filamu huzibana zote arobaini kwenye dakika kumi za mwisho. Swali langu ni la imani kabla halijawa la sanaa. Anayeandika hivyo anasema nini juu ya Mungu, na je, asemalo ni kweli? Nashikilia kwamba anamshuhudia Mungu uongo, na kwamba uongo huo unawaumiza watu wale wale ambao filamu ilidhani inawatetea.

Mazoea haya hayakuzaliwa Kinondoni. Katika filamu ya Kinijeria ya Living in Bondage, iliyotoka mwaka 1992, Andy Okeke anamtoa kafara mkewe Merit ili atajirike, kisha mzuka wa marehemu unamwandama hadi anarukwa na akili, kabla ya maombi kumwokoa. Filamu za namna hiyo zilijaa kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam, na wimbi la filamu za video lilipoanza kwetu, Girlfriend ya mwaka 2003 ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo, njia ilikuwa imeshachongwa. Ila chimbuko liko mbali zaidi. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle alizitaja tamthilia ambazo mwishoni wema hupata mema na wabaya hupata mabaya, akaziweka daraja la pili, kwa hoja kwamba watunzi wake wanafuata udhaifu wa watazamaji. Wamarekani wakaufanya udhaifu huo kuwa sharti. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilibanwa na Kanuni za Hays, zilizotaka uhalifu usiachwe bila adhabu. The Bad Seed, riwaya ya William March ya mwaka 1954 iliyofanywa tamthilia mwaka huo huo, ina mtoto wa kike muuaji, Rhoda, na mwisho wake unatisha kwa sababu mama ndiye anayekufa, mtoto anabaki hai. Ilipotengenezwa filamu mwaka 1956, mwisho huo ulipinduliwa: mama akapona, na Rhoda akapelekwa gatini usiku wa mvua ili apigwe radi. Radi ile ilitoka ofisini, na watazamaji wakaambiwa imetoka mbinguni.

Tusidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2018 Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nyumbani, na mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza hadharani kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulibeba matumaini mno. Msomaji na awe na msimamo wowote juu ya mapenzi ya mabinti wawili ambao filamu hiyo inawahusu. Ninachotaka akione ni kwamba bodi ilijua vizuri hukumu inakaa wapi.

Sasa tuvitazame vitabu ambavyo watetezi wa kanuni hii huviegemea. Ayubu amepoteza watoto kumi, mifugo na afya yake. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakaa naye siku saba kimya, na heri wangebaki na kimya chao. Wakifungua midomo wanafanya kazi ya mwandishi wetu hasa: adhabu wanaiona, kwa hiyo wanaitafutia kosa. Kisa kinapofungwa, Mungu anawakasirikia wao kwa kumsemea yasiyo kweli, na inabidi Ayubu yule yule awaombee. Injili ya Luka inataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yesu anaikataa hesabu kwamba walikuwa wadhambi kuliko majirani zao. Katika Kurani, sura ya Fatir, aya ya 45, inaeleza kwamba lau Mwenyezi Mungu angewashika watu kwa kila walichokichuma, duniani kusingebaki kiumbe, lakini anawapa muda. Sura ya Ibrahim, aya ya 42, inamwonya anayedhani Mola ameghafilika na madhalimu, kwamba nao wamecheleweshewa tu. Dini zote mbili, basi, zimelitazama jambo ambalo filamu zetu hazithubutu kulitazama: dhalimu anakula, anashiba, analala usingizi, anazeeka na kuzikwa kwa heshima, na Mungu bado ni Mungu.

Mtu wa dini atanijibu kwamba kuonyesha ucheleweshaji huo kunadhoofisha imani ya watazamaji. Naona ni kinyume. Malipo yote yakiwa yamekwisha kutolewa kabla ya majina ya waigizaji kupita, siku ya hukumu imebaki na kazi gani? Filamu inayofunga hesabu zote hapa imeifuta akhera bila kujua. Aliyeamini kwa sababu aliona mwovu akigongwa na lori, ataamini nini jirani yake mwovu akijenga ghorofa ya tatu? Imani iliyofunzwa kwa radi za uongo huanguka siku ya kwanza radi isipopiga, na kwa kawaida haipigi.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi haimpati Mungu, inampata mnyonge. Ikiwa ugonjwa, ugumba, wazimu na umaskini ni malipo, basi kila mgonjwa, kila mgumba, kila mwenye wazimu na kila fukara ana deni lake la siri. Mtazamaji aliyeona mara mia mwanamke mchafu akiokota makopo kwa sababu aliua, akikutana na mwanamke mchafu anayeokota makopo Manzese, atamuuliza kimoyomoyo: huyu naye alifanya nini? Kule Usukumani wapo mabibi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, na macho yale yaligeuka mekundu kwa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu kwenye jiko lisilo na dirisha. Sisemi filamu ndiyo iliyowaua. Imani ile ni ya zamani kuliko kamera. Ila filamu inayompaka bibi wanja mwekundu ili tujue ndiye mbaya imeichukua imani hiyo ikaipa sura, sauti na muziki. Ndivyo tulivyowafanyia na wenye virusi vya UKIMWI. Katika visa visivyohesabika gonjwa liliandikwa kama hukumu ya uzinzi, na mjane aliyeambukizwa na mumewe akawa anaitazama filamu hiyo sebuleni, pamoja na wanawe.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo hadithi ya Kiafrika, kwamba bibi zetu waliwaadhibu waovu kabla moto haujazimika. Hapo wamesahau hadithi zenyewe. Fisi huadhibiwa kwa ulafi, ni kweli, lakini Sungura je? Sungura anaiba shambani, anawadanganya wakubwa wake, na hadithi ikiisha yuko juu ya kichuguu amejaa shibe. Abunuwasi hali yake ni hiyo hiyo. Wasimulizi wetu walijua dunia haipimi kwa kibaba kimoja. Na mwandishi tunayemtaja sana kwa maadili, Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze aliwaadhibu kweli ndugu wawili wasaliti: waligeuzwa manyani, na Adili akalazimishwa kuwachapa kila usiku. Akiisha kuwachapa, anawabembeleza kwa huzuni. Adhabu inamtesa mchapaji, na hadithi haipumziki mpaka wale wawili wasamehewe, warudie utu wao. Ukiweka hayo kando ya mama wa kambo na makopo yake, utaona ni lipi kati ya hayo mawili limemjali binadamu.

Pingamizi lenye uzito ni la malezi. Watoto wanatazama, ukimwacha mwovu bila adhabu, si umewafundisha kwamba ubaya unalipa? Hofu hiyo naiheshimu, lakini inachanganya tokeo na hukumu. Tokeo ni kile ambacho uovu unawafanyia watu, na mwandishi anawajibika kulionyesha lote bila kulipunguza. Hukumu ni kile ambacho mwandishi anamfanyia mwovu ili mtazamaji aridhike. Mchukue baba mdogo aliyewapokonya yatima nyumba. Mwandishi wa kanuni atampoozesha mkono ule ule aliotilia sahihi. Mwingine atamwandikia sini ya kisomo cha arobaini, baba mdogo amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, ameketi mbele, shehe anamshukuru kwa mchango wake. Mjane anaingia na chupa ya chai. Anammiminia wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Mkono wake hautetemeki. Mtoto wake, kwenye kizingiti cha mlango, anaangalia kikombe kinavyojaa. Mtoto anayeitazama sini hiyo hatafikiri kwamba dhuluma ni nzuri. Atashikwa na hasira, na hasira hiyo itatoka naye nje ya filamu hadi barazani kwao, kuliko na mjane halisi. Ile ya kupooza inamwacha ameridhika, kesi imekwisha, anazima televisheni.

Mtu wa kazi atanikumbusha kwamba kwetu mwandishi ndiye mnyonge kuliko wote. Mara nyingi anakabidhi orodha ya sini tu, maneno wanayajaza waigizaji wenyewe. Stelingi ndiye mwenye filamu, prodyuza anataka sehemu ya pili, msambazaji anataka kile kilichouza mwaka jana, na sini ya mwisho hubadilishwa siku ya kupiga picha kwa kuwa hela imekwisha. Yote ni kweli, na hakuna mwandishi wa kulaumiwa peke yake. Lakini kati ya watu wote wale, yeye ndiye wa kwanza kuamua jambo litokee kwa sababu gani, na uamuzi huo hauhitaji bajeti. Ajali inataka gari na damu ya rangi. Chai inataka chupa, kikombe na mwigizaji anayejua kunyamaza.

Basi wewe unayeandika leo usiku, ukifika sini ya mwisho na mkono ukikuwasha kumwita daktari, polisi au radi, mwache dhalimu anywe chai yake. Kamera iweke kwa mjane.