Meli Isiyo na Namba

Fomu aliyopewa kijana wa Likoni, Mombasa, ilikuwa imejazwa vizuri. Cheo: mhudumu wa vyumba. Mshahara: dola 1,100 kwa mwezi. Muda wa mkataba: miezi tisa. Hata saizi ya viatu iliulizwa. Mstari mmoja tu, ule wa jina la meli, ndio ulioandikwa kwa kalamu ya bluu neno moja: "Utaarifiwa." Kijana akaandika viatu namba 42, akatia sahihi, akatoa simu kutuma pesa. Namba aliyopewa haikuwa ya kampuni. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke asiyemjua, na wakala wa ajira akamwambia, "Huyo ni mhasibu wetu, usijali."

Simtaji jina, na kwa kweli si kijana mmoja. Visa vya namna hii pwani yetu vinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kuvisimulia kama kimoja, na hivyo ndivyo nitakavyofanya.

Tusimcheke haraka. Ilikuwa mwaka 2023, na habari za meli za makazi zilikuwa zimeenea kila mahali. Hizi si meli za utalii tulizozizoea, ambazo abiria hupanda Jumapili na kushuka Jumapili ijayo. Ni meli ambazo watu huhamia. Maarufu kuliko zote ni The World, iliyoanza safari mwaka 2002: ndani yake mna nyumba 165, na wenye nyumba ndio wenye meli. Wao wenyewe huamua mwaka ujao waende wapi, na mabaharia wanaowahudumia mara nyingi ni wengi kuliko wakaazi waliomo. Ukimweleza hayo kijana anayelala stendi ya bodaboda akisubiri abiria wa feri ya alfajiri, usitarajie akuulize maswali mengi.

Mwanzoni mwa mwaka huo kampuni moja ya Uturuki, Miray, ilitangaza safari ya miaka mitatu kuzunguka dunia, ikaipa jina Life at Sea. Meli ingeng'oa nanga Istanbul tarehe 1 Novemba 2023. Nafasi ya bei nafuu iliuzwa kwa takriban dola 30,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na wastaafu wengi wa Marekani walipiga hesabu wakaona ni nafuu kuliko kukaa nyumbani.

Wakala wa Mombasa hakuwa na uhusiano wowote na kampuni hiyo. Alichokuwa nacho ni habari zake. Alizikata, akazibandika ukutani, na kila aliyeingia ofisini alionyeshwa. "Yetu ni kama hii," alisema. "Wazungu wamelipa miaka mitatu mbele. Kazi ya meli nyingine huisha msimu ukiisha. Hii haiishi."

Hapo ndipo kijana alipotekwa, na ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu uongo huo una sura ya hesabu nzuri. Abiria kulipa miaka mitatu hakumpi dobi wala mpishi kazi ya miaka mitatu. Baharia huajiriwa kwa mkataba wa miezi, kisha hushuka. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unataka arudishwe kwao kwa gharama ya mwenye meli kabla hajatimiza miezi kumi na miwili baharini. Kupanda tena ni mkataba mwingine, na meli haidaiwi kukuita.

Kuna jambo jingine ambalo wakala hakulisema, labda hata hakulijua. Kwenye meli ya kawaida, abiria mkorofi ni mkorofi wa siku saba. Siku ya kubadilisha abiria mhudumu hutandika vitanda upya na kuanza na watu wasiomjua. Kwenye meli ya makazi hakuna siku hiyo. Chumba unachofagia ni nyumba ya mtu, ina picha za wajukuu wake na dawa zake za presha, na bibi aliyekuona Januari ukivunja kikombe chake atakuwa hapo Juni, akikumbuka kikombe. Anaweza pia kukupenda kama mwanawe, na hilo nalo lina uzito wake, maana sheria za meli huweka mpaka mkali kati ya mhudumu na anayehudumiwa. Yeye anaishi juu penye madirisha. Wewe unalala chini, wawili chumbani, kitanda juu ya kitanda, na unapita kwenye korido ndefu ya wafanyakazi ambayo meli nyingi huiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani. Kazi huwa kila siku ya wiki. Sheria inataka upate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na 77 katika kila siku saba. Toa mwenyewe uone zinazobaki ni ngapi.

Lakini hayo ni maisha ya aliyepanda. Kijana wetu hakupanda.

Aliambiwa safari ni Novemba. Akauza bodaboda, kwa sababu ada ya wakala, "ada ya viza" na "ada ya sare" zilizidi akiba yake. Mama yake alimwongezea mkopo wa chama. Novemba ilipofika, ikawa Januari. Januari meli ikawa matengenezoni, bandari haikutajwa.

Huku nyuma, wale wastaafu wa Life at Sea walikuwa wakipitia mlango huohuo, kwa suti nzuri zaidi. Meli ya kwanza iliyopangwa, Gemini, ilionekana ndogo. Kampuni ikasema inanunua nyingine kubwa, AIDAaura, iliyojengwa Ujerumani mwaka 2003, nayo ingebatizwa Lara. Tarehe ikasogezwa kutoka Novemba 1 hadi 11, kisha hadi 30, na mahali pa kuanzia pakahama kutoka Istanbul hadi Amsterdam. Katikati ya Novemba kampuni nyingine, Celestyal, ikatangaza kwamba AIDAaura ni yake. Fedha za kuinunua Miray hawakuzipata. Mkuu wao alisema wawekezaji walijitoa kwa sababu ya machafuko ya Mashariki ya Kati. Safari ikafutwa siku chache kabla ya kuanza. Wapo waliokuwa wameshauza au kupangisha nyumba zao, na wapo waliokuwa tayari Istanbul na masanduku yao.

Mtu mwenye pensheni ya Marekani na mtu mwenye bodaboda ya Likoni waliuza kitu kilekile: mahali pa kurudi. Tofauti ni kwamba abiria waliahidiwa kurudishiwa fedha zao kwa mafungu, na magazeti yakawaandika. Risiti ya kijana ilikuwa na mhuri mwekundu: "Hairudishwi."

Aliyeona kosa ni mjomba wake, mtu aliyestaafu baada ya miaka mingi katika meli za mizigo. Alipewa fomu asome, akavaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa kalamu ya bluu.

"Meli iko wapi?"

"Mjomba, watatuarifu. Abiria wameshalipa miaka mitatu."

"Waliolipa ni wao, mpwa wangu. Mimi nakuuliza chombo. Namba yake ngapi?"

Kijana alidhani anaulizwa namba ya simu.

Mzee alikuwa sahihi kuanzia hapo, na sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko inavyosikika. Haki za baharia zimefungwa kwenye chombo. Sheria inayomlinda hutekelezwa na nchi ambayo bendera yake inapepea juu ya meli, na bendera haipepei juu ya ahadi. Asipolipwa mshahara, njia yake kali kuliko zote ni kuomba mahakama izuie meli bandarini mpaka deni lilipwe. Deni la mshahara wa mabaharia hupewa uzito mkubwa katika sheria za bahari karibu kila nchi. Tangu mwaka 2017 meli zinazofuata ule mkataba wa 2006 lazima ziwe na dhamana ya fedha ya kuwalinda mabaharia wakitelekezwa: kurudishwa kwao, chakula, na mshahara wa hadi miezi minne. Cheti cha dhamana hiyo hubandikwa melini, mahali ambapo kila baharia anaweza kukisoma. Sasa kibandikwe wapi, ikiwa meli "utaarifiwa"?

Namba aliyoitaka mjomba ni ile ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO), tarakimu saba ambazo meli kubwa hupewa inapojengwa, wala hazibadiliki ikiuzwa, ikibadili jina au bendera. Ile AIDAaura ni 9221566. Ilibaki 9221566 wakati watu wakiambiwa itaitwa Lara, na ni 9221566 leo ikiitwa Celestyal Discovery. Tarakimu ya saba ni ya kupima zile sita za mwanzo, na kipimo chake unaweza kukifanya juu ya meza ya kahawa. Zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, uendelee kushuka hadi ya sita kwa 2. Jumlisha. Hapa unapata 63, 12, 10, 4, 15 na 12, jumla 116. Mwisho wake ni 6, na tarakimu ya saba ni 6. Tapeli anayebuni namba papo hapo mara nyingi atakwama hapo. Aliyeiba namba ya meli halisi atapita, kwa hiyo hatua ya pili ni kuitafuta kwenye tovuti ya Equasis, ambayo haitozi kitu, uone mwenye meli ni nani na bendera ni ya nchi gani, kisha ulinganishe na jina la mwajiri lililo kwenye mkataba wako. Yeyote aliyeitafuta AIDAaura vuli ile angeona kwamba jina la mwenye meli halikuwa la Miray.

Sidai kwamba meli ikiwepo mambo yote hunyooka. Mwaka 2024 meli nyingine ya makazi, Villa Vie Odyssey, ilipaswa kuondoka Belfast mwishoni mwa Mei. Ilikuwa chombo cha mwaka 1993, hapo awali ikiitwa Braemar, na ilikutwa na matatizo ya usukani na mitambo. Wakaazi wakakaa miezi minne wakizurura mjini, mchana wakiruhusiwa kuingia melini kula, usiku wakitakiwa kushuka. Lakini ilikuwepo. Ungeweza kwenda gatini ukaigusa, ukahesabu mafundi. Mwanzoni mwa Oktoba iliondoka. Kuchelewa na kutokuwepo ni mambo mawili, na wakala mjanja hula katikati yake: kila ukiuliza, hukujibu kana kwamba swali lako ni la kuchelewa.

Kuhusu ada pia kijana angeweza kujiokoa mapema. Mkataba wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia kwa kumtafutia kazi. Anachoweza kujilipia baharia ni cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria ya namna hiyo. Viza ni gharama ya mwenye meli. Mafunzo ya msingi ya usalama, yale ya kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, wengi hujilipia wenyewe, lakini hulipwa chuoni, kwa risiti ya chuo, kama Bandari Maritime Academy pale Mombasa au Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Mtu akikusanya vyote hivyo kwenye simu moja ya "mhasibu", huyo hakupeleki melini.

Mjomba alimshika mkono wakaenda kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, inayotoa leseni kwa mawakala wa kuajiri mabaharia. Jina la ofisi ile halikuwemo kwenye orodha. Karani hakushangaa, aliuliza tu kama walilipa kwa M-Pesa, akawashauri wachapishe taarifa ya miamala kabla ya kwenda polisi. Wakala alipoitwa kituoni alikuja akitabasamu, akasema hata yeye alidanganywa na watu wa Ulaya. Huenda ni kweli. Kudanganywa kwake hakukumzuia kula ada ya sare.

Alirudisha robo, kwa mafungu matatu, kisha simu yake ikazimwa. Deni la chama lilikula robo hiyo na bado halikuisha. Bodaboda ilinunuliwa na jirani, mtu mwema, aliyekataa kuiuza tena kwa bei aliyoinunulia. Siku hizi kijana anaiendesha kwa kukodi, stendi ileile ya feri, na kila jioni anapeleka hesabu ya mwenye chombo kabla hajajua yeye mwenyewe amepata nini.