JE, KAZI YA NYUMBANI IWE MCHEZO?



Katika nyumba nyingi neno la kwanza alisikialo mtoto asubuhi ni agizo: fagia uwanja, teka maji, osha vyombo. Mtoto hutii, lakini uso wake umekunjamana, na takataka nusu hubaki chini. Hapo wazazi hugawanyika. Mmoja husema: "Kazi ni kazi. Samaki mkunje angali mbichi." Mwingine husema: "Tumfanyie mchezo, apate kuipenda." Ni yupi asemaye kweli? Swali hili si dogo, kwa maana namna mtoto anavyoshika ufagio leo ndivyo atakavyoshika wajibu wake kesho.

Tumsikilize kwanza yule wa kwanza. Yeye ahofu kwamba kazi iliyotiwa utamu yapoteza thamani: mtoto hatatimiza wajibu, bali atafuata yampendezayo tu, na siku utamu utakapokwisha, kazi nayo itaachwa. Hofu hii ina sababu. Lakini Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki wa kale, alifundisha kwamba mtu si mwema kweli mpaka afurahi kutenda mema. Atendaye mema kwa kunung'unika angali njiani. Katika karne ya 13 Mtakatifu Toma wa Akwino alilishika fundisho hilo. Akaongeza kwamba hata katika kucheza mna fadhila, mchezo ukiwa wa kiasi, kwa sababu roho huchoka kama mwili unavyochoka, nayo yahitaji pumziko. Basi furaha si adui wa wajibu. Yaweza kuwa dalili kwamba wajibu umeingia moyoni.

Lakini tupambanue, kwa kuwa furaha si ya namna moja.

Kwanza, iko furaha ya malipo. Mama asema: "Ukiosha vyombo nitakupa pipi." Vyombo vyaoshwa; lakini mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba vyombo havina maana, ila pipi. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa habari za watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Baadaye, cheti kilipokuwa hakitolewi tena, hao walichora pungufu kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mwaka 2008 Warneken na Tomasello walionyesha jambo kama hilo kwa watoto wa miezi 20: waliozoeshwa kupewa kitu kwa kumsaidia mtu mzima, walisaidia pungufu kitu kile kilipokoma. Mtoto alikuwa na hamu ya kusaidia tangu mwanzo. Malipo ndiyo yaliyoipunguza.

Pili, iko furaha ya hila. Mark Twain, katika kitabu alichokitoa mwaka 1876, asimulia habari za Tom Sawyer, kijana aliyeagizwa kupaka ua chokaa. Alijifanya kwamba kazi ile ni heshima kubwa, hata wenzake wakamlipa ili awape nafasi ya kuifanya. Twacheka tusomapo; lakini ni mzazi gani atakaye kuwa Tom kwa mwanawe? Binti akitwikwa ndoo inayomzidi nguvu na kuambiwa ashindane mbio na wenzake, huku kaka zake wameketi chini ya mwembe, mchezo huo umekuwa kifuniko cha dhuluma. Mtoto akikosa shule kwa ajili ya kuteka maji na kutafuta kuni, hakuna wimbo uwezao kuihalalisha kazi hiyo. Mzigo usio wa haki usipambwe. Upunguzwe, na ugawanywe sawa kati ya wavulana na wasichana.

Tatu, iko furaha ya ushirika, na hii ndiyo tuitafutayo. Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Akawapa watoto vifaa vya kweli vilivyolingana na kimo chao, vya kufagilia, vya kunawia na vya kupanga meza. Akaona kwamba waliviacha vitu vya kuchezea, wakachagua kazi ya kweli. Hawakutaka kudanganywa, walitaka kufaa.

Mama zetu walilijua jambo hilo. Mama atwangaye sombe humpa binti yake mchi mwepesi. Michi miwili hupokezana katika kinu kimoja. Kila mmoja hungoja zamu yake, na wimbo hushika mwendo. Wimbo ule hauifichi kazi, bali huiongoza, kwani bila mwendo mmoja michi ingegongana. Mtoto hucheka, mikono yake yaendelea kufanya kazi, na jioni atakula alichokitwanga.

Basi, tufanyeje? Mpe mtoto chombo cha kimo chake: dumu dogo, ufagio mfupi. Fanya kazi pamoja naye, usimwagize ukiwa umeketi. Mnapochambua maharagi, tega kitendawili. Ajibuye naye atege chake. Usiirudie kazi yake mbele ya macho yake kana kwamba si kitu. Mwonyeshe palipobaki, amalize mwenyewe. Tena wakati wa chakula sema mbele ya wote: "Maharagi haya aliyachambua fulani." Neno hilo lashinda pipi, kwa sababu lamwonyesha mtoto kwamba watu wameshiba kwa ajili yake.

Mtu atasema: "Ziko kazi zisizo na utamu wowote, kama kusafisha choo au kufua nguo za mgonjwa." Ni kweli, na mtoto asidanganywe. Aambiwe: "Kazi hii ni ngumu, tuifanye pamoja." Hapo furaha haitoki katika kazi yenyewe. Yatoka kwa bibi mgonjwa alalaye katika shuka safi. Mtoto aliyekwisha kuzoea kufurahi pamoja na watu wake hataikimbia kazi hiyo, hata siku isiyo na wimbo.

Tuulize tena: je, kazi ya nyumbani iwe mchezo? Twajibu: iwe na furaha ya mchezo, isiwe na uongo wake. Mchezo unaomfanya mtoto asahau anamtumikia nani, tuuache. Ule unaomkaribisha zaidi kwa wale anaowatumikia, tuushike. Na samaki akunjwe angali mbichi, ndiyo; lakini mkono umkunjao uwe mpole, asije akavunjika.