Mazoezi Ambayo Sikuyafanya

Watu 31 walinichangia hela ili nikimbie kilomita 21. Wengine walitoa 50,000, wengine 10,000, na mama mmoja jirani yetu, muuza maandazi, alitoa 2,000 akaniambia, "Ukimbie vizuri, mwanangu." Jumla ilifika shilingi 1,140,000, zote za wodi ya watoto njiti katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Nilikimbia. Sikukimbia vizuri. Tangu siku ile kuna swali linanikera: je, niliwadanganya?

Mambo yalikwenda hivi. Novemba nilijiandikisha, nikawatangazia watu kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba nimeanza mazoezi. Na kweli nilikuwa nimeanza. Nilikwenda Coco Beach alfajiri mara nne, na mara zote nne nikapiga picha. Kisha ikaingia Desemba, na si unajua sisi watu wa Kilimanjaro na Desemba yetu. Tukapanda basi kwenda Moshi. Wiki tatu za mtori, nyama ya mbuzi, na mbege kwa huyu mjomba, halafu kwa yule shangazi, maana ukikataa utaambiwa mji umekuharibu. Viatu vya mbio havikutoka kwenye begi. Siku moja mtu akauliza kwenye grupu, "Mazoezi yanaendeleaje?" Nikaweka picha ya Novemba. Sikuandika neno. Niliiacha picha iseme uongo kwa niaba yangu.

Mbio zilikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari, saa 12 asubuhi. Joto la Dar mwezi huo halihitaji maelezo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ni zuri ukilivuka kwa gari jioni, upepo wa bahari ukiingia dirishani. Ukilivuka kwa miguu iliyotoka likizo, hupati hata nafasi ya kuitazama bahari. Kufika kilomita ya 15 misuli ilikaza, kizunguzungu kikanishika, nikakaa chini ukingoni mwa barabara. Vijana wawili wakanishika mikono hadi kwenye hema la huduma ya kwanza, nikalazwa, nikawekewa dripu.

Nesi alikuwa na umri wa mama yangu. "Mwanangu, ulifanya mazoezi?"

"Kidogo."

"Mnachangisha hela za hospitali, halafu mnakuja kuzimalizia kwenye dripu."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hema lile lilikuwa na vitanda viwili tu, na kijana aliyeteguka kifundo cha mguu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka akisubiri niamke.

Nilipopata nguvu nilitoka, nikatembea kilomita sita zilizobaki. Nilifika wakati wanakunja mabango. Nikapewa medali, na jioni mtu akaandika kwenye grupu: "Wewe ndiye Akhwari wetu!" Makofi ya emoji yakamiminika.

Hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa. John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akaendelea mguu ukiwa umefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunampenda kwa kuchechemea kwake, lakini tunasahau kwamba alichechemea mtu aliyekuwa amejiandaa. Yeye aliangushwa na ajali. Mimi niliangushwa na Desemba. Kwa nje, machozi yetu yanaweza kufanana kabisa.

Rafiki yangu mmoja ananiambia ninajisumbua bure. Hela imefika, anasema, na mtoto njiti haulizi mkimbiaji alitumia saa ngapi. Hoja yake ina nguvu. Lakini kama ni hivyo, kwa nini tukimbie kabisa? Mchango wa harusi tunatoa bila kumdai bwana harusi akimbie hata hatua moja. Kadi inakuja, unatoa ulichonacho, basi. Kwa nini ya hospitali lazima mtu atokwe jasho?

Nadhani ni kwa sababu harusi tunaijua, tutakuwepo, tutakula pilau. Watoto njiti wa watu wengine hatuwaoni. Basi anatakiwa mtu wa kutushuhudia kwamba jambo hili ni zito, zito kiasi kwamba yeye analiamkia alfajiri. Watu 31 hawakununua kilomita zangu. Waliamini uzito niliouonyesha, na uzito huo ulikuwa picha ya Novemba.

Sikuichagua wodi ile kwa bahati. Miaka minne iliyopita dada yangu alijifungua mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto alikuwa na kilo 1 na gramu 400. Wakamfundisha njia ya kangaruu: mtoto anabaki na nepi na kofia tu, anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na joto la mama linamlinda. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, pale daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia. Dada alimbeba hivyo mchana na usiku kwa wiki tano, akilala nusu ameketi. Hakuna aliyempiga picha. Wala hangeweza kusema, leo nimechoka, Jumamosi nitambeba mara saba. Joto la mtoto halikopesheki.

Mpwa wangu sasa anakimbia kuliko mimi. Na mimi, niliyeyaona yote yale, nilidhani naweza kulipa asubuhi zote nilizolala kwa maumivu ya siku moja. Hata Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekimbia kwa mguu mmoja na mwingine wa bandia mwaka 1980 kuchangia utafiti wa saratani, tunamkumbuka kwa siku zake 143 barabarani. Kabla ya hapo alifanya mazoezi kwa zaidi ya mwaka mzima. Kuumia si kipimo cha kutoa. Mtu anaweza kuumia kwa uzembe wake tu, halafu akadai heshima ya aliyejitoa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, niliwadanganya, ingawa hakuna shilingi iliyopotea. Niliwaandikia wote nikawaeleza habari ya picha. Wengi walicheka. Mmoja alinyamaza, na ukimya wake nimeuelewa.

Muuza maandazi hayumo kwenye WhatsApp, nikamfuata. Alinisikiliza huku akigeuza maandazi kwenye karai. Hakunilaumu, hakunifariji. Aliuliza tu, "Hayo mazoezi huwa saa ngapi?"

"Saa 11 alfajiri."

"Mimi saa 10 niko macho nakanda unga. Nitakugongea."

Leo ni siku ya tisa. Amegonga zote tisa. Nimeamka saba.